Bia ya Kegi Ikitoka Povu Tupu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Povu ni gesi iliyotoka kwenye bia kabla ya wakati. Ndani ya kegi (pipa la chuma la bia) iliyopoa na kutulia, kaboni dioksidi imeyeyuka na haionekani. Bilauri ikijaa povu robo tatu, ujue gesi hiyo imepata sababu ya kutoka mahali fulani kati ya kegi na bilauri. Kazi yako ni kupatafuta mahali hapo. Watengenezaji wengi wa bia ya nyumbani hawatafuti. Wanakimbilia regyuleta, kifaa kinachopanga presha ya gesi inayoingia kwenye kegi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

"Povu likizidi, shusha presha"

Hii ndiyo dhana iliyoharibu kegi nyingi kuliko nyingine yoyote, na inadumu kwa sababu siku ya kwanza inaonekana kweli. Unashusha kutoka psi 12 (psi ni kipimo cha presha) hadi 5, bia inatoka taratibu, povu linapungua, unaridhika. Subiri siku nne.

Bia yenye nyuzijoto 4 ikikaa chini ya psi 12 (kama bar 0.8) hushika ujazo wa gesi wa takriban 2.5, yaani kila lita ya bia imebeba lita mbili na nusu za gesi. Ukishusha hadi psi 5 kwa joto hilohilo, bia hiyo haiwezi tena kubeba zaidi ya ujazo wa 2. Ziada lazima itoke, na haitoki kwenye kegi peke yake. Inatoka pia ndani ya mpira unaopeleka bia kwenye koki. Utazame mpira huo asubuhi kabla hujamimina: utaona vipande vya gesi vimeikatakata bia. Koki ikifunguliwa, vipande hivyo vinatangulia kwa kutema, na bia inayofuata inavurugika. Wiki ikiisha unabaki na bia iliyopooza ulimini na bado inatoka na povu.

Presha ya regyuleta hupangwa kwa kuangalia mambo mawili tu: joto la bia na kiwango cha gesi unachotaka. Kwa ujazo wa 2.5, nyuzijoto 4 zinahitaji psi 11 hadi 12, nyuzijoto 10 zinahitaji kama 17, na nyuzijoto 20 zinafika 28 au 29. Anayeishi mwinuko wa juu aongeze takriban psi 1 kwa kila mita 600, kwa kuwa geji husoma tofauti na hewa ya nje, na hewa ya huko ni nyepesi. Kasi ya bia haidhibitiwi hapo. Inadhibitiwa na mpira.

Kushusha presha kuna mahali pake: kegi itakayokwisha jioni moja. Funga gesi, toa presha iliyo juu ya bia, mimina kwa psi 3 hadi 5, na kama kuna inayobaki rudisha 12 usiku huohuo.

"Mpira mfupi ni bora, haupotezi bia"

Kegi inasukuma kwa psi 12, na nje ya koki hakuna presha ya kuizuia. Tofauti hiyo lazima imalizwe njiani kidogo kidogo, kwa bia kusuguana na kuta za mpira. Mpira ukiwa mfupi, presha yote inaanguka kwa ghafla pale kwenye koki na gesi inaripuka kutoka kwenye bia.

Kwa mpira wa kawaida wenye tundu la mm 4.8 na presha ya psi 11 hadi 12, anza na mita 3. Vifaa vingi vya kuanzia huja na mita moja na nusu, na hiyo ndiyo asili ya malalamiko mengi. Hesabu inayowapa watu urefu huo hutumia usugu (yaani jinsi mpira unavyoizuia bia) ulioandikwa kwa mipira ya baa, na kwa friji ya nyumbani huwa inadanganya kuelekea ufupi. Ukinunua mrefu kupita kiasi unaweza kukata sentimita 20 kwa wakati mmoja hadi mwendo ukupendeze. Mfupi haurefuki.

Tundu lina nguvu kuliko urefu. Mpira wa mm 6.4 una usugu kama robo tu ya ule wa mm 4.8, kwa hiyo ungehitaji mita nyingi mno kufanya kazi ileile. Ukiwa na wa mm 4, mita 1.5 hadi 2 mara nyingi zinatosha. Bia za ngano zenye ujazo wa 3 na zaidi husukumwa kwa psi 20 hivi. Kwa hizo mita 3 hazitoshi, weka 5 au 6 za mm 4.8. Koki ikiwa juu sana ya kegi, kila mita moja ya mwinuko inakula takriban psi 1.5, na hapo mpira unaweza kupunguzwa kidogo.

Kipimo rahisi ni saa. Nusu lita ijae kwa sekunde 8 hadi 12. Ikijaa kwa sekunde 4, usitafute mchawi, ongeza mpira.

Uviringishe mpira na uulaze juu ya kegi, ndani ya baridi. Ukining'inia huku na huku, gesi hukusanyika kwenye kona za juu.

"Friji inasema 4, basi bia ni 4"

Friji inapima hewa. Kegi ya lita 19 iliyoingizwa ikiwa na joto la chumba inahitaji siku nzima au zaidi kupoa hadi katikati, na ndani ya friji yenyewe hewa ya chini inaweza kuwa baridi kuliko ya juu kwa nyuzi kadhaa. Ukweli unaupata kwenye bilauri: mimina moja, imwage, mimina ya pili hapohapo na utumbukize kipimajoto. Hiyo ndiyo namba ya kupangia presha.

Hapa ndipo unapojua pia povu linatoka wapi. Bilauri ya kwanza ikiwa povu na ya pili safi, kegi haina kosa; koki na kipande cha mpira kilicho nje ya baridi vina joto. Mnara wa koki ulio juu ya friji ni mtuhumiwa wa kwanza. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ikipuliza hewa ya chini ya friji kupitia bomba jembamba hadi kilele cha mnara, kwa kawaida humaliza shida hiyo. Pamba ya kuzuia joto peke yake haitoshi. Inachelewesha joto, haileti baridi.

Bilauri zote zikiwa povu, feni haikusaidii. Rudi kwenye mpira, au endelea kusoma.

"Fungua koki nusu, itoke polepole"

Koki iliyofunguliwa nusu inaacha mwanya mwembamba, bia inapita kwa kasi na msukosuko, gesi inatoka. Fungua yote, kwa mkupuo mmoja, na ufunge hivyohivyo. Kama koki yako ina kishikio cha pembeni cha kurekebisha mwendo, hicho ndicho cha kuchezea. Mkono mkuu uache wazi kabisa.

"Bilauri iliyoganda ndiyo ya kibingwa"

Chembe za barafu kwenye kuta za bilauri ni vituo vya gesi kutokea. Mafuta ya sahani na mabaki ya sabuni yana hila zake pia: povu linatoka la ovyo au linakufa mara moja. Suuza bilauri safi kwa maji baridi, iinamishe nyuzi 45, na usizamishe ncha ya koki ndani ya bia. Kichwa cha povu cha sentimita 2 hadi 3 ni haki ya bia, si kasoro.

"Psi 30 na kutikisa, kesho tunakunywa"

Inawezekana, lakini hakuna anayejua amefika wapi. Dakika chache za ziada na bia imevuka ujazo wa 3, kisha lawama zinaenda kwa mpira ambao kwa ujazo wa 2.5 ungefanya kazi vizuri. Njia ya pole, yaani psi 12 kwenye nyuzijoto 4 kwa wiki moja hadi mbili, haiwezi kuvuka kiwango hata ukiisahau.

Ukishazidisha, chomoa kiungio cha gesi na uvute vali ya usalama hadi mlio uishe. Fanya pole pole kama kegi imejaa hadi shingoni, la sivyo povu litapanda na kutoka kwa vali. Funga, acha saa tatu au nne, rudia. Kazi hii huchukua siku moja hadi mbili, na kutikisa kidogo kati ya zamu kunaiharakisha.

Kuna kifaa kidogo kinachoondoa kubahatisha: geji iliyofungwa kwenye kiungio cha gesi kisicho na mpira. Kegi iliyopoa na kutulia bila gesi kwa usiku mmoja, ukiichomekea geji hiyo, itakuambia presha ya bia yenyewe. Ikisoma 11 au 12 kwa nyuzijoto 4, acha kutoa gesi. Ikisoma 20, endelea. Usitegemee geji ya regyuleta kwa kipimo hiki, maana nyingi zina vali ya kuzuia gesi isirudi nyuma.

"Joto sawa, presha sawa, mpira sawa, basi bia ndiyo mbovu"

Tazama mpira pale unapotoka kwenye kegi, huku mtu mwingine amefungua koki. Viputo vidogo vinavyopita bila kukoma tangu hapo, hata bilauri ya tatu, vinamaanisha gesi inaingia kwenye bia ndani ya kegi kwenyewe. Chini ya kola ya bomba refu la ndani, lile linalonyonya bia kutoka chini, kuna oringi ndogo, yaani pete ya mpira ya kuziba. Ikipasuka au kukauka, gesi iliyo juu ya bia hupenya pembeni na kuchanganyika na bia inayopanda. Watu hubadilisha mpira, koki na regyuleta, na kipande hiki kinachopuuzwa kinabaki palepale.

Toa presha yote kwanza, hadi vali ya usalama isitoe hata pumzi. Kichwa cha kegi, yaani kiungo cha juu kinapochomekwa mpira, kikifunguliwa na presha ndani huruka. Fungua kichwa cha upande wa bia kwa spana, vuta bomba, badilisha oringi, paka grisi ya chakula, rudisha. Wakati kiko wazi, kagua kivali cha ndani. Vipande vya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) vikikwama hapo, bia inakamuliwa kwenye tundu dogo na gesi inatoka, dalili zikiwa zilezile. Wanaoweka hopsi nyingi kwenye kegi waziweke ndani ya mfuko wa wavu, au watumie bomba linaloelea na kunyonya juu.

Uchafu wa koki na mpira unaleta povu kwa njia hiyohiyo ya chembe ndogo. Pitisha dawa ya kusafishia mipira ya bia kila baada ya wiki mbili au kila kegi inapoisha, na fungua koki vipande vipande. Kuipitishia dawa tu hakufiki nyuma ya kizibo chake.

Mwisho, ile geji ya kujichomeka ikipanda juu ya presha uliyopanga bila wewe kuongeza gesi, uchachushaji haujaisha au kuna vimelea. Bia ikinuka na kuonja vizuri, itoe gesi kila siku hadi itulie, nayo iendelee kukaa kwenye baridi. Ikiwa imeanza uchachu usiotarajiwa, imwage, badilisha oringi zote na mpira, na uchemshe vivali kabla ya kujaza tena.