Kuelea na chopa siku ya kwanza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa wengi wa Arusha na Moshi, chopa ni ya kampeni, au ni ile inayopita asubuhi kwenda kumchukua mgeni aliyezidiwa mlimani. Kwa hiyo kijana akisema amelipia somo la kwanza la helikopta, na kwamba mwalimu atamwachia ajaribu kuelea, yaani kuisimamisha chopa hewani, kijiweni kila mtu anageuka mtaalamu. Haya ndiyo yanayosemwa sana.

“Kuelea ni rahisi, si imesimama tu?”

Kuelea ndiyo ngumu kuliko yote atakayofanya siku hiyo. Kwenda mbele kwa mwendo, kule juu, mgeni anaweza kukumudu ndani ya dakika chache kwa sababu upepo wa mwendo unaituliza chopa. Ikisimama hewani, utulivu huo haupo.

Mkono wa kulia unashika fimbo inayoinamisha mapanga, ndiyo inayoamua chopa iende upande gani. Wa kushoto una wenzo wa kupanda na kushuka. Miguu iko kwenye pedali zinazogeuza pua. Na hakuna kimoja kinachokubali kufanya kazi peke yake. Kwenye Robinson R44, chopa ndogo inayotumika sana kwa mafunzo, mapanga huzunguka kinyume cha saa ukiyatazama kutoka juu, hivyo ukiinua wenzo kidogo tu pua inakimbilia kulia, nawe unakanyaga pedali ya kushoto. Ukikanyaga, panga la mkia linaisukuma chopa nzima ubavuni, basi fimbo nayo isogee. Fimbo ikisogea, chopa inataka kushuka. Rudi kwenye wenzo. (Kwenye chopa ya AS350 B3, aina ile ile iliyogusa kilele cha Everest Mei 2005, mapanga huzunguka upande mwingine, na mguu unaotafutwa ni wa kulia.)

Kinachowashinda wageni hasa ni jibu kuchelewa. Unasukuma fimbo, unaona kimya, unaongeza. Kisha yote mawili yanafika pamoja na chopa inakwenda mbele kwa pupa. Kwa hofu unavuta nyuma, zaidi ya ulivyosukuma. Sekunde chache tu, mnapepesuka huku na huku na ngumi yako imekaza hadi vidole vimepauka. Dawa yake ni ndogo: laza mkono juu ya paja, shika fimbo kwa ncha za vidole, bonyeza tu badala ya kusogeza. Na macho yatazame mbali, kwenye mti au paa la banda, siyo nyasi zilizo chini ya miguu.

“Mgeni akishika vifaa ataiangusha.”

Chopa ya mafunzo ina vifaa vya watu wawili. Kwenye R44 na ndugu yake mdogo, R22, fimbo ni moja katikati, ina mtaimbo wa juu wenye mishiko miwili, na mwalimu anaweza kuishika wakati wowote. Kupokezana hutamkwa kwa sauti na kuitikiwa, ili pasiwe na dakika ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeendesha. Mwalimu anayejua kazi hakuachii vyote mara moja. Anakupa pedali kwanza, yeye akishika vilivyobaki, halafu wenzo, fimbo mwisho.

Hatari ipo, ila haipo pale watu wanapoidhania. Wengi huona kukaribia ardhi ndiyo usalama. Kumbe chopa inayoteleza ubavu ikigusa chini kwa mguu mmoja inaweza kupinduka juu ya mguu huo haraka kuliko mkono wa mtu. Ndiyo sababu mwalimu humpandisha mgeni kidogo, kwenye uwanja mpana usio na visiki wala vumbi. Mwaka 1995 Marekani iliweka kanuni maalumu kwa R22 na R44, ikitaka mtu afundishwe hatari zake akiwa ardhini kabla ya kushika vifaa. Kwa maoni yangu, mwalimu anayekurusha bila maelezo ya chini, hata kama ni mcheshi, mwache.

“Injini ikizima inadondoka kama jiwe.”

Wenzo ukishushwa, hewa inayotoka chini huendelea kuzungusha mapanga, na rubani anateremka akiwa bado anaongoza. Mkiwa mita moja au mbili juu ya nyasi, nguvu iliyobaki kwenye mapanga hutumika kulainisha mguso. Pabaya ni kuelea juu ya miti bila mwendo, na somo hili halifanyiki huko.

“Ukishindwa kuituliza, huna kipaji.”

Karibu kila mtu hushindwa. Hata Igor Sikorsky, mbunifu wa helikopta, alipoinua chopa yake ya VS-300 tarehe 14 Septemba 1939, ilikuwa imefungwa kwa nyaya. Haikuruka huru hadi Mei 1940.

“Arusha kuna baridi, chopa itaruka vizuri.”

Ubaridi unasaidia, mwinuko unaondoa. Uwanja wa Arusha, pale Kisongo, uko karibu mita 1,390 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba mko juu ya mita 2,000. Moshi uwanja uko chini, kama mita 850, lakini joto likifika nyuzi 33 chopa inafanya kazi kama iko mita 1,700. Mapanga yanashika hewa haba na injini ya pistoni inapumua kwa shida, kwa hiyo akiba ya nguvu ya kusahihisha makosa ya mgeni inapungua. Mwalimu akisema njoo saa moja asubuhi, au akikataa kabisa kukuachia uelee saa nane mchana, usimwite mchoyo.

“Wanauliza uzito kukudhalilisha.”

Kiti kimoja cha R22 kina ukomo wa kilo 109, pamoja na mzigo uliowekwa chini yake. Taja kilo zako za leo, siyo za siku ya harusi, ukiwa umevaa viatu na simu iko mfukoni.