Mliolelewa nyumba moja: je, mtaugua yaleyale?

"Kwenu kuna mwenye kisukari? Presha? Saratani?" Maswali hayo huulizwa kila siku katika kliniki za Nairobi, na wengi hujibu wakifikiria damu tu: baba, mama, nyanya, mjomba. Yule mtoto aliyefiwa na wazazi akalelewa hapo nyumbani, akala sahani moja na wenzake hadi kidato cha nne, hatajwi. Ni kosa.

Huko Denmark watafiti walifuatilia watu waliozaliwa kati ya 1924 na 1926 wakalelewa na wazazi wasiowazaa, na matokeo yakachapishwa 1988. Mzazi wa damu alipokufa kwa maradhi ya kuambukiza kabla ya miaka 50, hatari ya mwanawe kufa kwa maradhi hayo ilipanda zaidi ya mara tano, ingawa hawakuishi pamoja. Kwenye saratani mambo yaligeuka: kifo cha mapema cha mzazi mlezi ndicho kilichopandisha hatari, nacho kwa zaidi ya mara tano. Vifo vilivyohesabiwa vilikuwa vichache, hivyo tarakimu hizo zisichukuliwe kama mizani ya dukani. Hata hivyo, zinaonyesha kwamba nyumba nayo huacha alama yake.

Alama iliyo wazi zaidi ni bakteria wa tumboni, H. pylori. Wengi humpata utotoni kutoka kwa mama au ndugu, kwa mate, matapishi au mikono iliyotoka chooni, na asipotibiwa anaweza kukaa tumboni maisha yote. Wengi hawaumwi kamwe. Wachache hupata vidonda vya tumbo, na wachache zaidi saratani ya tumbo miongo mingi baadaye. Dada wawili wakiwa na vidonda, kabla ya kusema "ni ya ukoo", wapimwe.

Na wapimwe vizuri. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya vijidudu, ambazo hubaki hata bakteria akishakufa, kwa hiyo hakiwezi kuthibitisha kupona. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kwa ushauri wa daktari, acha omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki mbili kabla na antibiotiki wiki nne kabla, kwa sababu dawa hizo humfifisha bakteria bila kummaliza. Vipimo vingi huharibikia hapa: Jumatatu mtu kanunua omeprazole kwa kemisti, Jumatano anapima, anaambiwa hana, kumbe anaye.

Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu sita kina hatari nyingine: streptokoka, bakteria wa koo, ambaye huruka haraka kati ya watoto wanaolala kitanda kimoja. Kwa baadhi yao, hasa wa miaka 5 hadi 15, wiki mbili au tatu baadaye hufuata homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo. Penisilini ya kumeza ni ya siku kumi kamili, hata koo likipoa siku ya tatu. Ikianzwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa hiyo.

Presha ina hesabu yake: wenye nayo ni wengi, hivyo kuwakuta kadhaa pamoja si lazima chanzo kiwe mahali walipokulia. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Darasa la watu 40 likikutana ukubwani, kumi wenye presha si ajabu, wala shule haina la kujibu.

Chukua karatasi, uandike kwa kila mtu: ni wa damu au wa nyumba moja, aliugua nini, aligunduliwa na umri gani, aliishi wapi hadi miaka 15, mlipikia makaa, kuni au mafuta taa, na nani alivuta sigara ndani. "Alikufa na tumbo" haitoshi. Ulizia kama kulikuwa na barua ya hospitali. Umri wa kugunduliwa usichanganywe na umri wa kufa. Ndugu wa damu, baba na mama mmoja, akipata saratani ya utumbo mpana kabla ya miaka 60, ndugu zake hushauriwa kuanza kolonoskopi, kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa mrija wenye kamera, wakiwa na 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogunduliwa, ipi itangulie. Dada aligunduliwa akiwa na 45? Wewe anza na 35. Ukiandika 52, umri aliofariki, utaenda ukiwa na 40, umechelewa miaka mitano.