Hilux ya kila siku: anza na tairi, kimo kitafuata

Wenye Hilux wanaokuja gereji na picha kwenye simu huleta picha moja: gari limenyanyuka, tairi limejaa kwenye madigadi, meno makubwa, rimu nyeusi. "Fundi, nataka lisimame hivi." Mimi huwa siulizi inchi ngapi. Nauliza linabeba nini, linapita wapi, na kati ya siku saba za wiki, ngapi linakuwa tupu. Gari la kwenye picha mara nyingi ni la wikiendi, la kwenda kambini na kurudi. La kwako linapeleka watoto shule asubuhi, mchana linachukua simenti, na mwisho wa mwezi linapanda mlima Kitonga kwenda kuona wazee.

Nitazungumzia Hilux ya dabo kebini, toleo la Vigo na la Revo lililoifuata, kwa kuwa ndizo ninazozishika zaidi. Mwenye Ranger au D-Max asome tu, maana mpangilio ni uleule: mbele wishiboni mbili, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, na koili kila upande, nyuma ekseli nzima na springi za majani, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Msimamo wangu ni huu. Chagua tairi kwanza, lililo dogo kuliko yote yanayoweza kufanya kazi yako, halafu nyanyua gari kwa kiasi ambacho tairi hilo na mzigo wako vinadai. Wengi wakifuata njia hiyo hujikuta hawahitaji kunyanyua kabisa, au sentimita nne zinawatosha.

Tuanze na hesabu, na ukiwa na kikokotoo cha simu utaifanya mwenyewe. Revo nyingi za rimu 17 zinakuja na 265/65R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita. Hiyo 65 inamaanisha ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 172. Ukuta uko juu na chini, kwa hiyo mara mbili, ongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, unapata tairi lenye kimo cha milimita 776. Ukienda 265/70R17 unafika 803. Ukienda 285/70R17, lile ambalo kila mtu analitaka, unafika 831.

Sasa, kinachokwama kwenye njia mbovu mara nyingi ni difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na tairi. Ukinyanyua bodi sentimita tano kwa springi, difu inabaki palepale ilipokuwa, haisogei hata milimita. Inayoipandisha ni tairi, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kimo: milimita 13 kwa 265/70, milimita 27 kwa 285/70. Kunyanyua bodi kunasaidia vitu vingine: bampa la mbele lisichote udongo ukiingia korongo, tumbo la chasisi lisikwame kwenye mgongo wa barabara iliyochimbwa na malori. Kama hayo siyo yanayokusumbua, unanunua sura. Sikatazi mtu kununua sura, ila ajue ananunua nini.

Hizo milimita 27 zina gharama yake. Tairi la 285/70 ni refu kwa asilimia 7 kuliko la kiwandani, maana yake gia zako zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 7. Kwenye lami tambarare hutaona sana. Kwenye mlima na mzigo utaona, hasa mwenye Vigo ya 2.5 ya gia za mkono: pale ulipokuwa unapanda na gia ya nne sasa unashuka ya tatu, klachi inafanya kazi zaidi kila unapoondoka, na breki zinasimamisha tairi zito zaidi lenye mkono mrefu zaidi. Spidi nayo inadanganya. Dashibodi za kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo kosa la 265/70, ambalo ni kama asilimia 3 na nusu, kwa kawaida humezwa humo. Kosa la asilimia 7 linaweza kukuvusha. Unaingia kijijini umejishika kwenye 50 safi, na askari mwenye tochi anasoma namba nyingine.

Halafu linagusa. Hapa ndipo watu wanaponunua seti ya kunyanyulia wakidhani wamemaliza. Tairi la 285 kwenye Hilux hugusa nyuma ya upinde wa madigadi, karibu na pale bodi inapokaa juu ya chasisi, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Gari limesimama tu kwenye maegesho, unageuza, unasikia kwaruu. Kunyanyua hakuondoi hilo, kwa sababu tairi linapozunguka na usukani linafuata njia ileile. Inabidi kukata plastiki ya ndani, mara nyingine kugonga au kukata chuma. Ukichanganya na rimu zenye ofseti ndogo, zile zinazotokeza nje, tairi linapiga duara kubwa zaidi na linagusa zaidi, huku beringi za mbele zikibebeshwa mzigo zisioupenda. Rimu ya asili ya Revo ina ofseti ya takriban milimita 30. Ukiletewa yenye sifuri, tairi limetoka nje sentimita tatu.

Kwa gari la kila siku, basi, mimi huishia 265/70R17, au 265/75R16 kwa mwenye rimu za 16, ambayo kimo chake ni karibu sawa. Aina: AT, la njia zote. MT, zile za meno makubwa ya tope, zina raha yake kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, pale AT inapojaa tope na kuwa laini kama chupa, lakini kwenye lami yenye maji zinashika vibaya, zinavuma, na zinaliwa haraka. Kama unaingia mbuga kila siku ya kazi, chukua MT na uvumilie. Kama ni mara chache kwa mwaka, AT na koleo.

Wauzaji wengi hawatakuambia habari ya LT. Tairi lenye herufi LT (light truck, la gari dogo la mizigo) mbele ya saizi lina ukuta mnene, halichaniki kirahisi na mawe, na linabeba zaidi. Lakini ni zito na gumu, tena kwa mzigo uleule linataka upepo zaidi ya la kawaida. Mtu anafunga LT, anajaza upepo wa kibandiko cha mlangoni, tairi linapata joto njiani kwa kuwa limelegea kuliko inavyoonekana. Kwa anayeishi kwenye mawe makali, LT inalipa. Kwa anayetembea lami kwa sehemu kubwa, tairi la kawaida lenye namba ya mzigo 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja, linatosha dabo kebini vizuri. Na soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Meno marefu kwenye tairi la mtumba hayasemi umri.

Tairi likishachaguliwa, ndipo tunaongea kimo. Mbele, inayouzwa sana mitaani ni spesa, lile duara la chuma au plastiki ngumu linalokaa juu ya shokapu. Kwa kuwa shokapu haijafungwa mwisho wa wishiboni ya chini bali ndani zaidi, spesa ya milimita 25 inanyanyua gari karibu 50. Inaonekana kama zawadi. Lakini shokapu ni ileile, imesukumwa chini tu, kwa hiyo tairi likining'inia linashuka kuliko kiwanda kilivyopanga: boli jointi ya juu, kiungo cha tufe kati ya wishiboni na tairi, inafika mwisho wa mwendo wake, CV jointi, kiungo cha mhimili unaozungusha tairi la mbele, inapinda kwa pembe kali, na mpira wake unaanza kupasuka. Grisi ikitapakaa ndani ya rimu, ujue kinachofuata.

Njia ninayoipenda ni koili zenye nguvu kubwa kidogo na shokapu zilizotengenezwa kuendana nazo. Old Man Emu, Dobinsons na Ironman, wote wa Australia, wanatengeneza za Hilux kwa daraja za uzito. Daraja ndilo la kuzingatia. Koili ya gari lenye bampa la chuma na winchi ukiifunga kwenye gari lenye bampa la plastiki, pua inasimama juu kupita kiasi na shokapu inakaa karibu na mwisho wake wa kurefuka. Utalijua gari la hivyo kwenye matuta: mbele linapanda kimya, likishuka upande wa pili unasikia "ko!" Siyo bushi, ile mipira ya kwenye maungio, wala siyo boli jointi. Shokapu imefika mwisho na kujigonga. Nimeona watu wamebadilishiwa bushi zote wakitafuta mlio huo.

Sentimita nne hadi tano mbele ndiyo mpaka wangu kwa gari la kila siku. Hapo kasta, ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, bado inaweza kurudishwa kwa bolti za kamu, zile za kurekebishia pembe, za wishiboni ya chini. Ukipita hapo bolti zinaisha nafasi, unahitaji wishiboni mpya za juu, na bila hizo gari linatangatanga barabarani. Basi likikupita kwa kasi unashika usukani kwa mikono miwili. Magari ya pwani nayo, bolti hizo huwa zimeshaganda kwa chumvi. Zikaguliwe kabla hujalipia chochote.

Nyuma, swali ni uzito tu. Ukiweka springi za mzigo wa kudumu wa kilo 300 kwenye gari ambalo siku nyingi liko tupu, litarukaruka hadi abiria wa nyuma waombe kushuka. Na ukinyanyua mbele peke yake ili gari liwe sawa, siku ukipakia mifuko 15 ya simenti nyuma inakaa, pua inatazama mbinguni, na taa zako zinawapofusha wanaokuja. Taa zipimwe upya baada ya kazi yoyote ya kimo.

Kuna kitu kidogo nyuma ambacho hurukwa mno. Hilux nyingi zina valvu ya breki yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka, fimbo inasogea, breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Ukinyanyua nyuma bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu inaamini gari ni tupu hata likiwa na tani moja, na breki za mbele zinabeba kazi yote. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole alikoirekebisha. Akishangaa, mpe gari fundi mwingine.

Na bolti za bushi, za wishiboni na za springi, zikazwe mwisho gari likiwa chini limekalia uzito wake. Zikikazwa tairi zinaning'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote na unachanika mapema. Baada ya kama kilomita 500 rudi zikazwe tena, hasa yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, kisha alaimenti, yaani pembe za tairi, ipimwe mara ya pili, kwa kuwa springi mpya hutulia kidogo.

Nunua matairi matano. La akiba likiwa dogo kuliko mengine, siku ya pancha ukilifunga nyuma difu inazungusha pande mbili zisizo sawa njia nzima, na ukiweka 4x4 hali inakuwa mbaya zaidi. Kabla ya kulipa, jaribu pia kama tairi jipya linaingia kwenye nafasi yake chini ya bodi: la 265/70 kwa kawaida linaingia, la 285 huenda likaishia kulala kwenye kontena la nyuma, juu ya mzigo wako.