Mzigo wa upepo si uzito wa chombo

Mazungumzo ya nanga hayachukui muda kabla mtu hajauliza, "Mashua yenyewe ina tani ngapi?" Akiambiwa tano, papo hapo anakupa ukubwa wa nanga na unene wa amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, kana kwamba nanga ndiyo inayoibeba mashua. Mashua inabebwa na maji. Nanga kazi yake ni kuizuia isisukumwe.

Mzigo wa upepo ni ile kani ya upepo juu ya chombo kilichotia nanga au kufungwa kwenye boya, ambayo amari inapaswa kuihimili. Hukadiriwa kwa kasi ya upepo, eneo la chombo linaloukabili, na umbo la eneo hilo. Tani hazimo.

Hesabu ni nyepesi: nusu ya msongamano wa hewa (kilo 1.225 kwa mita ya ujazo), mara kasi, mara kasi tena, mara eneo, mara kipimo cha umbo, yaani namba inayoonyesha umbo hilo linavyoukamata upepo. Upepo wa noti 30, yaani kama mita 15.4 kwa sekunde, husukuma kila mita ya mraba kwa nyutoni 145 hivi. Tuseme mashua ya mita 10 imeelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo, na ukijumlisha mlingoti, kamba zake na kibanda unapata mita 8 za mraba. Kipimo cha umbo kikiwa 1, mzigo ni nyutoni 1,160 hivi, sawa na uzito wa kama kilo 120. Upepo ukifika noti 60 haziwi 240, zinakaribia 480, kwa sababu kasi imezidishwa kwa yenyewe.

Hizo kilo 120 nazo ni za chombo kilichotulia, na chombo cha matanga hakitulii. Upepo huangusha omo upande mmoja, ubavu ukajitokeza, amari ikakaza na kukirudisha, kisha kikaenda upande wa pili. Kila kikionyesha ubavu, eneo linakua mno. Ndiyo maana jedwali la ABYC, baraza la viwango vya mashua la Marekani, kwa chombo cha matanga cha futi 30 katika upepo wa noti 30 linaweka pauni 700, zaidi ya kilo 300. Wengine huliona limetia chumvi. Mimi naona limezingatia huko kuyumba na mawimbi. Na ukilitazama vizuri, linasomwa kwa urefu na upana wa chombo. Safu ya tani hutaiona.

Tani zina mahali pake, ila ni kwenye mshtuko. Mashua ya tani tano inayorudi nyuma kwa mita moja kwa sekunde ina nishati ya jouli 2,500. Mnyororo uliokwisha kunyooka ukiisimamisha ndani ya nusu mita, mvuto wa wastani ni nyutoni 5,000. Kamba ya nailoni ikinyumbuka mita mbili na nusu, ni 1,000. Upepo ni uleule na chombo ni kilekile, lakini kitu kinachong'oka au kukatika kinategemea amari imenyumbuka kiasi gani. Huu ni mzigo mwingine, unaojumlishwa juu ya ule wa upepo, na kuuita kwa jina moja ndiko kunakovuruga watu.

Kwa hiyo swali la tani si baya, limeruka foleni tu. Kwanza uliza chombo kina urefu gani, ubavu wake umepanda kiasi gani juu ya maji, na nini kimeachwa mlingotini. Anayetaka kupunguza mzigo kabla ya dhoruba avue tanga la mbele lililoviringishwa na turubai la kivuli. Kumwaga maji ya tangi hakutampunguzia upepo hata kidogo.