Kushuka Melini Bila Kiongozi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Miji ya Bandari

Abiria wengi wa meli za kitalii hushuka bandarini wakiuogopa mji, ilhali kinachostahili kuogopwa zaidi ni saa. Wengine humwogopa mchuuzi wa mtaani, kumbe atakayewanyang'anya walichonunua huenda akawa afisa wa forodha wa nchi yao wenyewe. Hofu hizo zilizoelekezwa pasipo pake huwafanya watu waishie kwenye maduka ya langoni mwa bandari, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa miji mingi ya bandari inaweza kutembelewa vizuri na mtu asiyeongozwa na yeyote.

Dhana inayowagharimu wengi kabla hata hawajashuka ni kwamba meli hufunga gati katika mji ulioandikwa kwenye ratiba. Meli inayotangazwa kwenda Roma hufunga Civitavecchia, kati ya kilomita 70 na 80 kutoka Roma yenyewe, na ile ya Paris hufunga Le Havre, ambako safari ya kufika Paris ni takriban kilomita 200. Abiria asiyelijua hilo hupanga siku nzima ya matembezi, kisha akagundua kwamba sehemu kubwa ya siku hiyo itaishia barabarani au kwenye treni.

Wengi huamini pia kwamba meli haiwezi kumwacha abiria aliyelipa nauli. Ukweli ni kwamba humwacha, na si kwa ukatili. Gati hupangiwa meli kwa muda maalumu, rubani wa bandari na matishari ya kuivuta meli huitwa kwa saa iliyokubaliwa, maji kupwa na kujaa hayamngojei mtu, na kila dakika inayopotea hulipiwa baadaye kwa mafuta meli inapolazimika kuongeza mwendo ili iwahi bandari inayofuata. Kundi lililo katika ziara iliyouzwa na meli yenyewe kwa kawaida husubiriwa, na ikishindikana, kampuni hugharimia kulifikisha bandari inayofuata. Aliyetoka peke yake hujigharimia. Hata kuifuata meli si jambo la kununua tiketi tu, kwani huenda akahitaji viza ya nchi nyingine. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za nchi hiyo yaweza kumfanya akataliwe kupanda tena katika bandari nyingine ya huko.

Kwa sababu hiyo, saa iliyotangazwa inapaswa kusomwa kwa makini. Meli ikitarajiwa kuondoka saa kumi na moja jioni, mwisho wa kupanda huwa aghalabu saa kumi na nusu. Ikiwa meli imetia nanga mbali na ufuo na abiria wanavushwa kwa mashua, mashua ya mwisho huondoka mapema zaidi, na foleni yake huwa ndefu. Tena meli nyingine hufuata saa yake yenyewe hata pale ambapo mji unatumia saa tofauti, huku simu ya mkononi ikijibadilisha kufuata mtandao wa nchi kavu bila kumwarifu mwenyewe. Saa ya mkononi iliyolinganishwa na ya melini kabla ya kushuka ni kinga bora kuliko simu ya gharama yoyote.

Kuhusu ununuzi, dhana iliyoenea mno ni kwamba duka linalopendekezwa melini limechaguliwa kwa ubora au unafuu wake. Maduka hayo kwa kawaida hulipa ili yatajwe katika mihadhara na kuchorwa katika ramani wanazogawiwa abiria. Dhamana inayoambatana na pendekezo hilo huwa na muda na masharti yake, wala haimfai aliyejutia bei. Sisemi kwamba bidhaa zake ni mbovu. Nasema kwamba ramani hiyo ni tangazo, na isomwe kama tangazo.

Neno "bila ushuru" nalo hueleweka vibaya. Humaanisha kwamba muuzaji hakutoza kodi za nchi yake, si kwamba nchi ya mnunuzi imeusamehe mzigo. Anayeingia Umoja wa Ulaya kwa bahari kutoka nje ya umoja huo husamehewa bidhaa za hadi euro 430, na mkazi anayerejea Marekani kwa kawaida husamehewa hadi dola 800. Vileo na tumbaku vina viwango vyake.

Hatari kubwa zaidi imo katika imani kwamba kinachouzwa hadharani ni halali kusafirishwa. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Spishi zote za kasa zimo katika orodha yake kali zaidi, hivyo bangili ya gamba la kasa inaweza kutaifishwa na aliyeibeba akashtakiwa. Matumbawe mengi, ngozi za baadhi ya wanyama watambaao na pembe za ndovu huhitaji tahadhari ileile, na risiti ya duka si kibali.

Wanaolipa kwa kadi hudhani kuwa kutozwa kwa fedha ya nyumbani kunawalinda, lakini kiwango cha kubadilishia huwekwa upande wa muuzaji na mara nyingi huwa kibaya; ni afadhali kuchagua fedha ya mahali pale.

Mwisho ni suala la pasipoti. Husemwa kwamba mahali pake salama ni kabatini melini siku zote, lakini aliyeachwa bila pasipoti hukwama bandarini. Pasipoti inapobaki melini, abiria abebe nakala yake pamoja na namba ya wakala wa meli katika bandari ile, ambayo kwa kawaida huchapishwa kwenye taarifa ya kila siku inayogawiwa abiria.