Enajiseva ni nini hasa, na mbona hazidumu kwenye nyumba zetu za Lamu

Mtu akisema enajiseva huku kwetu mara nyingi anamaanisha ile globu nyeupe ya mrija uliosokotwa, ingawa siku hizi hata LED, zile za chipu ndogo badala ya mrija, zinauzwa kwa jina hilo hilo na ndo hapo watu wanachanganyikiwa. Kwa maana pana ni globu yoyote inayokupa mwanga ule ule kwa umeme mdogo. Ile ya zamani ya waya inakula wati 60, na kama asilimia 90 ya hiyo inatoka joto tu. Ya msokoto inakupa mwanga huo kwa wati 13 mpaka 15, LED kwa 8 mpaka 10. Ukiwasha masaa manne kila usiku, ya waya inakula yuniti 7.2 kwa mwezi, ya msokoto ya wati 14 haifiki hata 2. Hapo sina ubishi, tokeni inakaa.

Ubishi wangu uko kwenye boksi, pale palipoandikwa masaa 8,000 kwa herufi kubwa. Hiyo nambari inatoka maabara: wanachukua globu nyingi, wanaziacha zinawaka karibu masaa matatu mfululizo, wanazima kidogo, wanawasha tena, hivo hivo mpaka nusu yake zife. Yaani hata kwa hesabu yao wenyewe nusu zilishakufa kabla ya kufika hapo, tena ni kwenye stima iliyotulia, chumba hakina joto kali, hewa haina chumvi. Sasa niambie ni nyumba gani mitaa yetu ya Mkomani au Langoni iko hivyo.

Chukua choo. Mtu anaingia anawasha, anatoka anazima, mwengine huyo anaingia. Kila ukiwasha ya msokoto, ile dawa iliyopakwa kwenye ncha za ndani za mrija inabanduka kidogo, na ikiisha globu imekwenda hata kama kioo ni kizima (angalia ncha za mrija pale karibu na kitako, zikishakuwa nyeusi jua siku zake zinahesabika). Ndio maana wataalamu wanasema kama unarudi chumbani ndani ya robo saa bora uiache inawaka. Kwa choo nani anafanya hivo? Na ukipiga hesabu, choo kinachowaka jumla ya dakika 20 kwa siku kwa globu ya wati 60 kinakula yuniti 0.6 kwa mwezi mzima, kwa hiyo enajiseva inakuokolea kama nusu yuniti hivi, halafu yenyewe inakufa mapema unanunua nyengine. Akiba imeishia dukani.

Ngazi ndio mbaya zaidi kwa maoni yangu. Nyumba zetu za mawe kuta ni nene, ngazi zimesimama na kiza kipo hata mchana, halafu ya msokoto ukiiwasha inatoa kimwanga cha kijivujivu kwanza, inachukua nusu dakika au zaidi kushika vizuri kwa sababu zebaki iliyo ndani lazima igeuke mvuke kwanza. Bibi ameshafika chini zamani. Ngazini na stoo weka LED, hiyo inawaka papo hapo na kuwashwa-kuzimwa haiijali sana.

Kisha joto na chumvi. Kwenye kitako cha plastiki mna bodi ndogo yenye vipande vya elektroniki, na hivyo ndo vinavyokufa kwanza mara nyingi. Fundi mmoja wa stima alinifungulia moja iliyokuwa kwenye ile taa ya dari ya bakuli la glasi lililofungwa kabisa: kapasita (kile kipande kama kikopo kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda) imevimba kichwa, bodi imekuwa rangi ya kahawia upande mmoja, lakini mrija wenyewe mweupe safi. Joto linapanda juu, na globu iliyoning'inia kitako kikiwa juu inajipika yenyewe, ukiifungia bakuli ndo umeimaliza. Akashika na holda akanionyesha kutu ya kijani kwenye vile vijiti viwili vya shaba, akasema "mama, hapa utabadilisha globu mpaka uchoke, badilisha holda." Holda ikishika kutu umeme unapita kwa kurukaruka, globu inamemeteka, unaenda kumgombeza mwenye duka bure. Ongeza stima inayokatika na kurudi kwa kishindo, na hapo hata LED haiponi, maana nayo ina bodi yake.

Zebaki nimeitaja, nisiipite, maana ni sumu. Kila globu ya msokoto ina kiasi kidogo, miligramu chache tu, kawaida hazizidi 5, na ikiwa nzima haitoki. Ikivunjika usikimbilie ufagio wa chelewa, unazidi kuitawanya. Toa watoto, fungua madirisha, subiri kama dakika 10, zoa vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki libandue kwa selotepu, pangusa na karatasi ya maji, vyote tia kwenye gudulia ufunge kifuniko. Na zilizokufa zisiende jaani kuchomwa na taka wala zisitupwe baharini, ziweke nzima ndani ya boksi mahali watoto hawafiki mpaka upate mtu anayekusanya taka za elektroniki. Hii zebaki ndio imeziondoa sokoni, nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka wa 2022 kwamba hizi za msokoto za nyumbani zisitengenezwe wala kuingizwa wala kusafirishwa nje baada ya 2025. Kwa hiyo ukiziona zimerundikwa kwa bei ya kutupa, ujue ni mabaki.

Rangi pia. Wanaodarizi kofia wanajua, uzi wa rangi ya maziwa na uzi mweupe chini ya enajiseva ya bei rahisi unakuwa mmoja. Soma boksi, nambari yenye K ndio kipimo cha rangi ya mwanga: 2700K ni mwanga wa manjano wa kupumzikia, 6500K ni ule mweupe wa kibuluu unaofanya sebule kama zahanati.

LED nazo zina kituko chao, unazima swichi na globu inabaki na kimwanga hafifu usiku kucha, watu wanasema jini. Mara nyengine ni swichi yenye kitaa kidogo ndani, hiyo haina neno. Lakini mara nyengine ni fundi aliweka swichi kwenye waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya laivu (unaouleta), maana yake holda ina umeme hata ukizima, na siku ya kubadilisha globu utarushwa. Ukiona kimwanga hicho zima meni swichi kwanza ndio upande ngazi, halafu mwite fundi ageuze nyaya.