Ligamenti ya goti imekatika: kano mpya ichukuliwe wapi?

Swali ambalo halikosi kuulizwa kliniki ya magoti ni hili: "Daktari, kati ya hizi njia, ipi ndiyo ya kisasa?" Muulizaji mara nyingi ni kijana wa mpira. Aligeuka ghafla mguu ukiwa umekita chini, akasikia kitu kinapasuka ndani, na goti likavimba siku hiyo hiyo. Sasa uvimbe umekwisha na anatembea vizuri, ila akikata kona goti linamtoka. Kipimo cha picha cha MRI kinaonyesha kwamba ligamenti ya msalaba ya mbele, utepe mgumu unaoshikanisha mfupa wa paja na wa ugoko ndani ya goti, ile ambayo wachambuzi wa mpira huiita ACL, imekatika.

Ligamenti hii ikishakatika katikati ni nadra kujiunga vizuri yenyewe. Kuishona kulijaribiwa huko Leeds, Uingereza, tangu 1895, lakini kwa muda mrefu matokeo hayakuridhisha. Ndiyo maana leo kwa kawaida hujengwa upya. Daktari huchukua kano mahali pengine mwilini mwako, akatoboa njia kwenye mfupa wa paja na wa ugoko, akaipitisha humo na kuibana kwa skrubu au kitufe kidogo cha chuma. Ndani ya goti kazi hufanyika kwa kamera kupitia matundu madogo. Mkato unaoonekana ni ule wa kuchukulia kano, na mabishano makubwa ya madaktari wa mifupa yako hapo: ichukuliwe wapi?

Wengi huanza na kano iliyo chini ya pia ya goti. Hukatwa theluthi yake ya katikati, upana wa milimita 10 hivi, ikiwa na kipande cha mfupa kila ncha. Mfupa kwa mfupa hushikana mapema, kwa takriban wiki 6 hadi 8. Kumbukumbu za kitaifa za Norwei, Denmark na Uswidi zinaonyesha kuwa waliowekewa kano hii hurudi kufanyiwa upasuaji wa marudio kwa uchache kuliko waliowekewa kano za nyuma ya paja. Kwa mchezaji, hoja hiyo ina uzito.

Tatizo lake ni kupiga magoti. Sehemu ilikotolewa kano huweza kuuma kwa miaka, na maumivu hayo hujitokeza pale pale goti linapogusa sakafu. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, yaani sijda 34 kila siku, kabla hujahesabu sunna. Mkristo anayesali kwa kupiga magoti na fundi wa vigae wana shida hiyo hiyo. Tafiti nyingi hupima mafanikio kwa kurudi uwanjani. Shida za msikitini na kazini humbidi mgonjwa azitaje mwenyewe, kwani daktari asipoambiwa huenda asiulize.

Kano za nyuma ya paja huchukuliwa kwa mkato mfupi upande wa ndani, chini kidogo ya goti. Huwa mbili, zikikunjwa zinakuwa nyuzi nne. Kupiga magoti huwa na nafuu, ingawa ngozi ya mbele ya ugoko inaweza kubaki na ganzi, na nguvu ya kukunja goti hadi mwisho hupungua kidogo. Kwa mtu mwembamba, kano zinaweza kutoka nyembamba. Chini ya milimita 8 hatari ya kukatika tena huongezeka. Kwa vijana wa michezo ya kukata kona, wapo wanaoongeza utepe wa utando mgumu ubavuni mwa goti. Utafiti wa Kanada na Ulaya uliotangazwa 2020, wenye vijana 618 wa miaka 14 hadi 25, uliona kano za nyuma ya paja peke yake zikikatika kwa asilimia 11 ndani ya miaka miwili. Zilipoongezewa utepe huo, asilimia 4.

Kano ya juu ya pia ya goti ni nene na inazidi kupendwa. Kano ya marehemu aliyejitolea sina haja ya kuijadili sana: kwa kijana hukatika mara nyingi zaidi.

Maoni yangu? Winga wa miaka 19 apewe kano ya chini ya pia, au ya nyuma ya paja pamoja na utepe. Fundi wa vigae asiyecheza mashindano, ya nyuma ya paja inamtosha. Lakini tundu la mfupa wa paja likitobolewa pasipostahili, kano yoyote itashindwa. Kwa hiyo muulize daktari wako mbinu anayoifanya kila mara, kwa kuwa mkono uliozoea una faida kuliko jina la mbinu.

Na si kila aliyekatika anahitaji kisu. Katika utafiti wa Uswidi wa watu 121, uliotangazwa 2010, kundi lililoanza na mazoezi tiba lilifuatiliwa miaka mitano, na karibu nusu yao hawakupasuliwa ligamenti hiyo kabisa. Anayehitaji zaidi ni yule ambaye goti linamtoka hata baada ya mazoezi.

Ukikubali upasuaji, usitarajie mechi kabla ya miezi 9, hata kama maumivu yameisha mwezi wa tatu. Na anayekuja kudai tarehe ya upasuaji huku goti halijanyooka sawasawa, bado limevimba, tunamrudisha kwanza kwa mtaalamu wa mazoezi tiba: likipasuliwa likiwa hivyo, huweza kukakamaa.